Fomu ya Mistari Minne

Walikuja Jumatano kwa boti ya saa tatu,
wanne, na boksi la fomu lililofungwa kwa selotepu,
kukusanya maoni ya umma kuhusu mtaala.
Umma tulikuwa thelathini na mmoja,
pamoja na paka wa ofisini.

Nilikaa nyuma, madaftari ya darasa la nne mapajani,
nasahihisha kimyakimya, maana insha hazingoji kikao.
Lali Famau kaandika:
*Yana punda wetu alianguka ndiani.*
Nikazungushia *yana*. Nikazungushia *ndiani*.
Wino mwekundu haujui mtu kwao.
Makosa mawili, sentensi moja,
na punda bado amelala pale chini,
sijamuuliza mtoto kama aliinuka.

Mamangu aliniita "ndoo" maisha yake yote
na hakuwa na maana ya chombo cha maji.
Nilikwenda.
Hata chuoni, Bara, nilipofunzwa
kwamba ndoo ina mkono wa chuma na hujazwa bombani,
mguu wangu wa kulia ukilisikia neno lile
ulitaka kuinuka.

"Dakika mbili kila mmoja," alisema mwenye tai.

Akasimama Bi Mwanahawa Shekuwe wa jikoni,
mikono ingali na unga:
"Vitabu mumebadilisha mara tatu tangu niajiriwe.
Sufuria ni ile ile. Imetoboka. Andika hilo."
Kijana wa fomu akamtazama mkubwa wake.
Hakuandika.

Akasimama Mwalimu Kadzo wa darasa la pili:
ukurasa wa kumi na saba, taa za barabarani.
"Ukiona nyekundu utafanya nini? Nimewauliza.
Mmoja kajibu: nitauliza ni ya nyumba ya nani."
Tulicheka, hata wenye tai.
"Mwongozo wasema ni kosa," akasema Kadzo, akakaa.

Nilidhani nimeshaujua upande wangu.
Ndipo akasimama Shukri, fundi wa betri za sola,
babake Swabra, mtu wa kunyamaza:
"Binti yangu atafanya mtihani mmoja na mtoto wa Nyeri.
Musije mukatukatia mtaala wa kisiwa,
punda na mikoko, mukatuita maalumu,
kisha mwaka ule wa kuchaguliwa shule
akaambiwa hakufunzwa taa nyekundu.
Mfunzeni taa. Mfunzeni na theluji.
Lakini na huyo wa Nyeri afunzwe ndia ni nini."

Hakuna aliyepiga makofi.
Niliishika kalamu kama mtu aliyekamatwa nayo.

Fomu ikanifikia. Jina. Kazi. Jinsia.
Kisha: *Maoni yako, yasizidi mistari minne.*
Kwa mtu wa Amu hicho si kizuizi, ni mwaliko.

*Mwauliza jambo gani, jibu mumekuja nalo?*
*Mistari hii fomuni, haitoshi nisemalo,*
*Mwana yuko dawatini, naye ana aonalo,*
*Nani kampa idhini, wa mbali kukata hilo?*

Kijana aliisoma mara mbili, midomo ikihesabu.
"Mwalimu, hii niiweke wapi?
Ninavyo visanduku viwili tu, anakubali, hakubali."
Nikamwambia sijui.
Sikuwa namtania. Kweli sikujua.

Saa saba walikula, saa nane boti ikaondoka na boksi.
Bi Mwanahawa akaosha sahani zao,
akaiziba sufuria kwa unga wa ngano, kama kila siku.

Nikarudi kwa insha ya Lali.
Wino haufutiki. Kwa penseli, pembeni,
nikaandika: *Je, aliinuka?*

Kesho yake daftari likaja na jibu
kwa mwandiko uliojikaza ukae juu ya mstari:
*Aliinuka, mwalimu. Ndoo umuone.*

Nilikwenda baada ya kengele.
Alama bado sijampa.