Madumu Manne

Lamadi, mwaka ule bomba lilipokauka,
maji tuliyapandisha kutoka ziwani kwa punda:
madumu manne kila mgongo, mawili huku, mawili huku,
na baba mdogo Lugiko nyuma, akipiga mluzi
ambao punda waliusikia kama sisi tulivyosikia kengele ya shule,
bila kuupenda, bila kuubishia.

Yule mwenye milia tulimkuta kwenye tope la Mbalageti,
mama yake amezama hadi shingoni, amekwisha kufa,
yeye anamzunguka, ananusa masikio.
Tukamleta. Punda jike aliyefiwa akakubali kumnyonyesha.
Dada yangu Holo akamwita Daftari,
kwa sababu ya mistari.

Daftari akala pumba mkononi.
Daftari akalala mlangoni, akatufuata mwaloni,
akalamba chumvi ya jasho kwenye viwiko vyetu.
"Samaki mkunje angali mbichi," alisema baba mdogo,
akashona soji ndogo kwa gunia la sukari,
aiweke juu ya mgongo ule bila dumu hata moja,
uzito wa shati lililoloa.

Nimesikia watu wakisema ni kiburi.
Si kiburi. Nilikuwepo, nimeshika kamba.
Nilimwona akiitazama kabla haijarushwa,
akainamisha kichwa, kitanzi kikapita juu,
mara ya kwanza, mara ya sita.
Nani alimfundisha? Hakuwahi kuona simba.
Lakini simba walikuwa wamemwona
tangu bibi wa bibi wa bibi yake,
kila kizazi wakila waliochelewa kushtuka,
wakituachia hawa, watoto wa waliowahi.
Ndani ya ngozi ile, kila kinachotua mgongoni
kina kucha.

Na punda? Sijui. Huenda mahali fulani, zamani sana,
kulikuwa na mmoja aliyechoka kukimbia,
akasimama, mtu akamgusa,
na asubuhi akajikuta bado yu hai.
Ni hilo tu. Punda wote ni watoto wa asubuhi ile.
Alichokipata tunakijua: fimbo, vidonda, nzi.

Siku ya soji Daftari hakupiga teke.
Aligeuka taratibu, kama mtu aliyeitwa jina,
akamuuma baba mdogo mkono wa kulia
na hakuachia.
Tulimpiga, tukammwagia maji, Holo akalia akimwita,
hakuachia. Macho yake hayakuwa na hasira,
yalitazama mbali, ng'ambo ya barabara, porini.
Alipofungua meno, vidole viwili
havikuwa vya baba mdogo tena.

Usiku ule hatukufunga lango. Nadhani kwa makusudi,
ingawa kila mmoja alimlaumu mwenzake.
Kulipokucha nyayo zilielekea Ndabaka,
na soji tuliikuta kwenye minyaa,
imefunguka katikati kama barua.

Baba mdogo hataki yule mnyama asemwe vibaya.
"Mimi niliuliza," husema. "Yeye akajibu."
Siku hizi bomba linatoka. Punda wamebaki wawili, wazee.
Lakini jioni bado huhesabu madumu yaliyojazwa,
anagusa kidole kimoja kimoja: moja, mbili, tatu,
anafika palipo patupu,
anagusa hewa,
anasema nne.