Shingo ya Suke

Dukani kwa Nibaran mbegu nyembamba iliisha
nikiwa wa nne kwenye foleni.
Sikuchagua, naomba ieleweke.
Nilipewa kilo kumi za ile nene,
ile ambayo wanunuzi wa Sunamganj
huiminya kwa vidole wakicheka,
nikarudi nyumbani nimeinamisha uso.

Shemeji yangu Torikul alipata yake.
Shamba lake na langu hutenganishwa na tuta
lisilotosha bata wawili kupishana.
Maji yale yale, jua lile lile,
ila yeye yurea aliimwaga kwa mkono wa harusi
hadi majani yakawa na kijani cha kujisifu.

Kisha mwezi wa Choitro ukaja na tabia mbili:
mchana joto la kuvua shali,
usiku baridi ya kuitafuta tena.
Siku sita mvua ya rasharasha,
si ya kujaza ndoo, ya kulowesha kope tu.
Umande ulikaa juu ya jani hadi saa nne
kama mgeni asiyeona kwamba mwenyeji anapiga miayo.
Na ukungu ukashuka kutoka upande wa Meghalaya,
na ndani ya ukungu, ukungu:
jina moja, mama na mwana,
mmoja unauona, mwingine unakuona.

Kwani macho ndiyo yaliyotangulia.
Doa kwenye jani, limechongoka ncha mbili,
kiini cha majivu, kope za kahawia.
Torikul akasema ni kutu, itapita.
Akakopa, akanunua dawa ya wadudu,
akampiga risasi asiyekuwepo.

Mpunga ulipochanua, ukungu uliacha majani
ukapanda shingoni.

Asubuhi moja shamba lake lilikuwa jeupe.
Kwa mbali ungesema limeyatangulia yote kuiva.
Suke lenye punje huinama;
yake yalisimama wima, mepesi, kama askari wa gwaride.
Debe tupu huvuma, wanasema.
Suke tupu halisemi kitu.
Alichuma moja, akalisugua kiganjani, akapuliza.
Hakikubaki cha kupuliza mara ya pili.

Wangu ulikuwa na madoa pia, madogo,
kama vumbi la pilipili manga.
Ukungu ulibisha hodi, haukufunguliwa.
Watu walikuja tutani kuniita mwerevu.
Nikasema: foleni.
Hawakutaka kusikia habari za foleni.

Shormila wa ofisi ya kilimo alipiga magoti matopeni,
akahesabu masuke mia kwenye daftari lililolowa.
Nilimwuliza kama nipande hii hii daima.
"Miaka kadhaa," alisema. "Hiki nacho ni kitasa tu.
Ukungu una usiku baada ya usiku wa kujaribu funguo."
Akafuta kalamu kwenye sari yake, akahamia tuta la pili,
na mimi nikabaki nikilitazama shamba langu
kama mtu aliyeambiwa umri wa mwanawe.

Tulivuna kabla maji ya milimani hayajashuka.
Wanunuzi wakaiminya, wakacheka, wakalipa pungufu.
Jioni nilipika, nikavusha sufuria ng'ambo ya tuta.
Torikul alikula kimya, tonge dogo dogo,
kisha akasema ni nene mno, haina harufu.

Nikamwongezea.