Inchi Tatu na Nusu, Kasoro

Atlasi ni ya shule, jalada limeng'oka,
mjukuu wa jirani kaniazima hadi Ijumaa.
Nimeilaza juu ya meza ya kukatia,
nimeiwekea pasi upande mmoja isijikunje,
nikavua futi shingoni.

Larnaka, hapa. Malta, pale.
Inchi tatu na nusu, kasoro.
Upana wa mfuko wa shati.

Mwanakombo yuko Larnaka, mwaka wa sita sasa,
amlisha bibi wa watu uji kwa kijiko,
amgeuza kitandani, ampaka mafuta mgongo.
Bwanaheri yuko Malta, jikoni mwa hoteli,
asema amekata vitunguu hata machozi yamemwisha.
Tumbo moja, ziwa moja.
Walipokuwa wadogo walilala mzungu wa nne
kwenye kitanda kimoja, hapo Kibokoni,
wakipigana mateke hadi alfajiri.

Kijana wa ofisi ya tikiti
kanipigia hesabu bure, kwa kuwa nilimpunguzia suruali:
kilomita elfu moja mia saba na thelathini na ushei,
saa mbili na nusu angani, ndege ikienda moja kwa moja.
"Tena mzee, kuna kichekesho.
Ukiondoka Larnaka saa nne asubuhi
wafika Malta saa tano na nusu.
Saa moja warudishiwa."
Nikamwuliza, "Na ukirudi?"
"Ukirudi, wailipa."

Saa mbili na nusu.
Mimi huchukua zaidi kudarizi shingo ya kanzu.
Lakini karatasi ya Mwanakombo haivuki kisiwa,
na kila Bwanaheri apatapo likizo
bibi wa watu huanguka bafuni.
Basi huonana kwenye simu, kila mtu na dari yake,
nami nikiwa kati,
nawaambia sogeeni, sogeeni, siwaoni,
kana kwamba kile kioo ni kitanda.

Jana usiku nikamwandikia binti yangu:
nimeipima hiyo bahari yenu, yaingia mfukoni.
Akachelewa kujibu. Nikadhani bibi kaamka.
Kisha:
"Na Likoni kwa shangazi Time, baba, inchi ngapi?"

Feri ya waendao kwa miguu hailipishwi.
Dakika kumi, labda, mkondo ukiwa mkali.
Mwaka wa tisa huu sijavuka,
na sababu ndiyo hii iliyo mbele ya magoti yangu:
cherehani ya marehemu baba,
herufi zake za dhahabu zimefutika kwa viganja vyangu.
Dada alisema ni yake, alifunzwa yeye kwanza.
Kweli, alifunzwa yeye kwanza.
Mimi ndiye niliyekuja na mkokoteni.

Nikafungua ukurasa wa kwetu, nikasogeza taa.
Mombasa ni nukta.
Likoni imo humo humo, ndani ya nukta,
pamoja na feri, na foleni, na dada yangu.
Nikaishika futi niitafute namba ya hapo.
Haina. Futi huanza na kile kibati,
kabla ya moja.

Asubuhi kaja mteja na gauni la kupunguza.
Nimemwambia aliache, nitalitazama Jumatatu,
au aende kwa fundi mwingine, sitanuna.
Cherehani nimeifunika shuka.
Nimemtuma kijana aniulizie
mkokoteni hadi kivukoni ni pesa ngapi.