Mkaguzi wa Vipimo Anatafuta Bia Tanga

Siku tatu nilizopewa, mchana ni za serikali:
mizani ya machungwa, pampu za mafuta,
jiwe la kilo lililochongwa tumbo kule Makorora.
Jioni ni zangu. Jioni nauliza
nani katika mji huu anapika bia yake mwenyewe.

Mhudumu wa hoteli akanionyesha friji.
"Zote zipo, kaka. Ya baridi, ya moto?"
Kweli zote zipo, kama zilivyo Dodoma, kama zilivyo Singida,
lebo zilezile, jasho lilelile shingoni mwa chupa.
Sikukaa kwenye basi kutwa nzima
nije kunywa nilikotoka.

Nina utaratibu wangu, mwaka wa kumi na moja huu.
Usimwulize dereva, atakupeleka kwa shemeji yake.
Usifuate muziki: muziki mkubwa huficha bia mbaya
kama pilipili inavyoficha samaki wa juzi.
Mwulize mfuga ng'ombe
machicha anayapata wapi.

Ndivyo nilivyomwona Kilua, Barabara ya Kumi na Nne,
anasukuma baiskeli, gunia nyuma linavuja,
na lami yote inanukia mkate.
Yeye alikuwa anakwenda kulisha. Mimi nikageuka,
nikafuata matone kurudi yalikoanzia,
kichwa chini, kama mtu aliyedondosha sarafu,
hadi Duga, hadi godauni lililosahau katani.

Hakuna bango. Mlango wa bati.
Glasi zimepinduliwa juu ya kitambaa cheupe, kikavu.
Nilipoona kitambaa nilijua.

Ndani mapipa mawili ya chuma,
na mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja:
Agripina Semkiwa, zamani mpima chokaa maabara,
mpaka kiwanda kilipopunguza watu.
Bibi yake alipika boha ya miwa huko Muheza.
"Hakuwa na kipimajoto," anasema. "Alikuwa na kiwiko."

Leo ana ipi?
"Ya uwele na maganda ya chungwa. Haijawa. Njoo Alhamisi."
Jumatano alfajiri naondoka.
"Waja leo, waondoka leo," akacheka.
"Bia yangu haisomi ratiba ya basi."

Nikasema nitalipa mara mbili.
Hapo nilikosea. Uso wake ukafungwa
kama duka saa ya swala.
Nikakaa juu ya kreti, nikanyamaza,
nikatazama mpira unavyopumua ndani ya chupa ya maji,
bwu, halafu kimya, halafu bwu,
kama mtoto anayelala na mafua.

Sijui ni nusu saa au zaidi.
Akaja na glasi. "Haya, onja utoto wake."

Tamu mno. Nzito. Uwele unasema peke yake,
chungwa liko mbali, linabisha hodi nyumba ya pili.
Sitamsifia mtu uongo: haikuwa bia nzuri.
Ilikuwa bia iliyoko njiani kuwa nzuri,
na siku itakapofika
mimi nitakuwa Korogwe, au Same, napima ngano ya watu.

Mazoea ni ugonjwa. Nilimwomba glasi ya pili
na kabla ya kunywa nikaimimina kwenye chombo cha ofisi.
Nikasubiri povu lilale. Nikainama, jicho usawa wa mstari.
"Umezidisha," nikasema.
"Najua," akasema, anafuta meza.
"Nilishawahi kuwa mteja."

Stendi ya Kange, giza bado, fomu magotini.
Pampu ya Chumbageni: pungufu.
Mizani ya Makorora: pungufu, mara ya pili.
Pembeni, mahali pasipo na kisanduku,
nikaandika kwa penseli:
Duga, mlango wa bati. Kipimo kimezidi.
Hatua ya kuchukuliwa: Alhamisi.