Wodi ya Figo, Herufi Sita

Halifax, mvua ya Novemba inachapa vioo.
Mashine mbili zinazungusha damu yetu,
na Mzee Ollerenshaw, konda mstaafu wa basi,
ananisukumia gazeti kwa mkono usio na sindano.

"Usiiamini sentensi, Tamsin. Sentensi ni koti tu.
Maana hukaa mwanzoni, au mwishoni.
Kinachobaki ni ufundi."

*Chakula kilichomo kisimani*, herufi nne.
Nikawaza ndoo, samaki, vyura.
"Acha kuchungulia maji. Chungulia neno."
Ki-SIMA-ni!
Nilicheka mpaka kengele ya mashine ikalia,
nesi akaja mbio, akatukemea wote wawili.

*Au ikirudi kinyumenyume hunukia*, mbili.
Hiyo niliipata mwenyewe: UA.
Hakunisifu. Alinipa biskuti yake,
ile ya chokoleti tuliyokatazwa.

Ikabaki moja, sita, pembeni chini:
*Habari zilizovurugika zina chumvi.*
"Alhamisi," akasema, akitafuta kofia.

Alhamisi kiti chake kitupu,
shuka limenyooshwa, jina limefutwa ubaoni.
Sikuuliza mtu.
Nikashika penseli, nikazivuruga herufi
h, a, b, a, r, i
ikatoka BAHARI, nami nikatoka nayo,
mashavu yote chumvi.

"Unalia nini wewe?" nesi akashangaa.
"Kapigiwa simu usiku wa manane.
Figo imepatikana. Yuko Leeds,
anawasumbua kwa maswali."

Nikakitazama kile kiti tena.
Koti tu.
Koti tu, mjinga mimi.