Siku Ishirini na Nane

Mama aliponda kokoto Kunduchi
kabla mimi sijajua kuhesabu ndoo.
Alikata mpira wa gurudumu, akaukunja duara,
jiwe likae ndani lisiikimbie nyundo,
na bado lilikimbia:
kidole chake cha shahada, cha kushoto,
hakikunyooka tena.

Jiwe lile si gumu, alisema, ni jeuri.
Likipasuka lilitoa harufu ya chumvi iliyolala,
na Jumanne moja ya vuli, shimo limejaa tope,
likatoa chaza mzima,
mweupe, amefumba, kama anayesikiliza.
Tulikuwa juu, mbali na maji,
mawimbi hayasikiki hata usiku.
Nikauliza nani alimleta huku.
Bi Sikudhani akapuliza vumbi, akamgeuza kiganjani:
"Hakuletwa. Huyu ni mwenyeji.
Bahari ndiyo iliyohama."

Shuleni Mwalimu Mbonde alichora duara tatu:
miamba ya moto, miamba tabaka, miamba geu.
Mishale ikafukuzana ubaoni,
na miaka yote ile, milioni juu ya milioni,
ikaenea kwenye kipande kimoja cha chaki
(chaki nayo chokaa, lakini hakutuambia).

Hakutuambia pia jinsi vijidudu laini kama ute,
visivyo na macho, visivyo na haraka,
vilivyojijengea kila kimoja chumba chake,
kikafa humo, kikaja kingine
kikajenga juu ya paa la marehemu
bila kibali, bila fundi, bila kudaiwa kodi.
Haba na haba, ndiyo,
ila kibaba kilipojaa hakuna aliyekuja kukichota.
Kikakandamizwa. Kikanyanyuliwa.
Kikaota nyasi na mikorosho,
watu wakakiita Wazo,
wakakichimba, wakakitia tanurini,
kikatoka unga wa kijivu ndani ya mifuko.

Mimi nami naponda siku hizi,
tofauti nina kiyoyozi.
Mchemraba wa zege, sentimita kumi na tano kila upande,
umelala majini siku ishirini na nane.
Naufuta, naupandisha kwenye mashine,
mshale unapanda, unapanda,
kimya,
halafu mlio mfupi,
kama mtu aliyekumbuka kitu.
Naandika namba. Umefaulu. Naleta mwingine.

Ila huwa nachungulia palipopasuka.
Kuna kokoto ya Lugoba, nyeusi kwa nyeupe,
iliyopikwa chini ya milima
ambayo leo haipo hata kwenye ramani.
Kuna mchanga wa mtoni,
nao ni mawe yaliyochoka kubishana.
Na kati yao, bila sura, bila jina,
kinachowashikanisha:
yule chaza, au ndugu yake,
aliyechomwa, akasagwa, akawa gundi.
Simwoni. Namjua kwa kazi yake.

Jumapili nilimpeleka mama ufukweni
palipoangushwa kifusi kuzuia bahari isile kiwanja.
Vipande vya ukuta bado vina rangi ya samawati,
ngazi tatu zinashuka kwenye povu,
nondo zimejipinda kama mizizi ya mkoko.
Akainama taratibu, magoti yakilalamika,
akagonga bonge moja kwa kile kidole kilichopinda,
kama anayebisha hodi.
"Hili mlilipima?"
Nikasema sijui, mama, pengine.
"Basi andika limefeli."
Akacheka, akakohoa lile vumbi lake la miaka,
akapapasa upande wa chini, wenye majimaji,
mkono ukasita.
Chaza, wadogo kuliko ukucha,
walikwishashika zege,
safu ya kwanza, wamefumba.

"Ngoja," akasema. "Usiandike kitu.
Siku zake ishirini na nane
hazijaisha."