Kauli ya Kutendwa

Barua ilikuja Jumatatu, theluji ikiwa magotini.
Aya moja, na nembo ya chuo juu yake kama kofia:
*Imeonekana kwamba fungu halitoshi.
Imeamuliwa kwamba saa za Chumba cha Uandishi zipunguzwe.
Mnashukuriwa kwa maoni yenu.*

Tuliisoma tumesimama, makoti hatujavua,
chini kabisa ya maktaba, chumba namba kumi na nne,
ambako bomba la mvuke hukohoa kila robo saa
na dirisha pekee hutazama viatu vya wapita njia.
Meza tatu. Kiti kimoja kimefungwa bandeji ya gundi.
Mwalimu mmoja, Solveig Aasen, mwenye mkataba wa nusu
na wanafunzi mia tatu wazima.

Humu ndimo nilimoingia mwaka wa kwanza
na ripoti yangu ya daraja la chuma;
hesabu sawa, niliambiwa, ila haieleweki.
Solveig hakushika kalamu nyekundu. Aliuliza:
"Nani anafanya nini hapa?"
Nikapekua. Katika kurasa kumi na moja
hapakuwa na mtu hata wa dawa.
Mizigo ilibebwa. Nguzo zilipimwa. Makosa yalifanyika.
"Na likianguka," akasema, "tumuulize nani?"

Humu Mai Chue Lor alimwandika bibi yake akivuka Mekong,
akafuta, akaandika, akafuta,
hata juma la tano akaniambia:
sasa maji ni baridi.
Humu Delbert Kingbird, anayesomea uuguzi,
alijifunza kutoa habari mbaya kwa sentensi fupi.
Wengine wetu, kusema kweli, tulitaka kufaulu tu.

Tukakusanya sahihi mia sita na kumi na moja,
kwenye foleni ya supu, kwenye uwanja wa magongo,
wino ukiganda ndani ya kalamu, tukiupasha kwapani.
Kamati ya fedha ikatupa dakika tatu.
Mai Chue aliposimama miwani ikafunga ukungu,
hotuba haikusomeka.
Akalifungua daftari la mlangoni, akalisogeza puani:
*Saa nane, Oskar Wiita, hakuna nafasi.
Saa nane na nusu, Fadumo Cilmi, hakuna nafasi.
Saa tisa, Fadumo Cilmi tena.*
Kengele ikalia angali katika wiki ya kwanza ya Oktoba.
Mwenyekiti akasema ahsante. Palikuwa na keki.

Na sasa hii barua.
Delbert alitaka kuichana, Oskar alitaka tuandamane.
Solveig hakuwapo; saa zake ziliisha adhuhuri.
Mai Chue akaitandaza mezani, akachukua penseli
(penseli, ndivyo tulivyofunzwa,
kazi ya mtu haichafuliwi)
akapiga mstari chini ya *imeonekana*.
Pembeni: na nani?
Chini ya *imeamuliwa*: nani?
Chini ya *zipunguzwe*: kwa mkono wa nani?
Kwenye *mnashukuriwa* alisita,
akaandika: karibu, yeyote uliye.

Kisha, mwishoni, kwa mwandiko wa kuiga wa Solveig:
"Wazo lipo, ila mwandishi amejificha.
Jaribu tena, ukianza na *mimi*.
Tupo Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi.
Wahi. Viti ni vichache."

Niliipeleka mimi, ghorofa ya saba, viatu vikichuruzika.
Karani aliisoma yote, mstari kwa mstari, midomo ikicheza.
Hakucheka. Alichungulia mlango wa ndani, uliofungwa,
akainama juu ya kaunta:
"Hivi, wafanyakazi nao mnawapokea?
Nina barua nimeianza tangu kiangazi."
Nikamwambia aje Jumanne, nitampisha kiti changu.

Nilikuwa nimeshashuka ngazi zote,
mkono uko kwenye kitasa cha nje, baridi inauma chuma,
ndipo nilipokumbuka
kwamba sikumuuliza jina.